Kikapu cha Mama Mkwe na Treni Isiyo na Dereva

Jamani, mmeniuliza mno. Kila nikiegesha lori Rwamgasa, hata injini sijazima, mtu keshashika mlango: "Suka, hebu tupe ya Ulaya!" Nimesimulia gereji, nimesimulia kwa mama ntilie, na kila mara kuna mtu anayeondoka na nusu ya habari. Juzi nafika Bulyanhulu nakuta inasemwa kwamba nilimpoteza mama mkwe Ulaya, nikarudi na mzungu badala yake. Haya, sasa naandika. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na mnyamaze mpaka mwisho.

Kwanza mjue tumerudi wazima, mimi na yeye. Usingizi wangu umerudi, ugali unapita kooni, na nikikumbuka yaliyotukuta nacheka peke yangu barabarani mpaka abiria wananiangalia. Habari za pasipoti na foleni za ofisini naziruka, maana nikizianza nitawatukana watu bure.

Kilichotupeleka mnakijua, ila nakisema kwa ajili ya asiyejua. Mke wangu Minza alikuwa maabara ya hospitali ya misheni kabla hawajampeleka Ujerumani kusoma. Aliondoka na mimba changa bila sisi kujua. Na mnajua tulishazika wawili. Yule wa pili alitolewa kwa kisu. Minza alipozinduka akaambiwa mtoto hayupo. Siku ile aliapa kwamba halali tena kwenye kitanda cha upasuaji mpaka mama yake mzazi amwekee mkono kichwani. Jina alishalichagua tangu mimba ya kwanza: akiwa wa kike ataitwa Milembe, yaani amani kwa Kisukuma. Jina hilo lilikaa miaka yote nyumbani mwetu bila mwenyewe, na hatukuthubutu kulitamka. Ndiyo maana wenzangu wote mnaitwa Baba Fulani na Baba Fulani, mimi nikabaki Suka tu, mshika usukani.

Sasa nikaitwa posta Geita kupokea simu. Sauti ya Minza ilikuwa mbali, inakatika. "Kondo la nyuma limekaa vibaya. Wanasema wasiponipasua tutakufa wote wawili. Wameshaweka siku. Nimewaambia siguswi. Nileteeni mama." Simu ikakatika hapo hapo.

Waliomsomesha walikuwa watu wema, wakatoa nafasi mbili za safari: ya mama na ya mume. Walidhani wametusaidia, na kweli walitusaidia. Ila hawakujua Msukuma na mama mkwe wake ni vitu viwili visivyowekwa kwenye sahani moja. Mkwe simtazami usoni. Simpi mkono, simwoni akila, sikai naye mahali pa kubanana, na jina lake silitamki, kwa hiyo hata humu mtaniwia radhi, atakuwa mama mkwe mpaka mwisho. Tukikutana njiani anajifunika khanga usoni na kugeuka, mimi napita pembeni nikitazama chini. Si ugomvi, ni heshima. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyetakiwa nimfikishe Ulaya.

RWAMGASA HADI TINDE

Niliondoka na lori langu mwenyewe, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Kabla ya Bulyanhulu gari likazama kwenye tope hadi ekseli. Nikashuka, nikazunguka, nikatukana mawingu. Wachimbaji wakatoka kwenye mashimo yao, yale wanayoyaita maduara, wamepakaa udongo mpaka kope. Mmoja akaniuliza, "Suka, unakimbilia wapi na mvua hii, unafukuzwa?" Nikamweleza: nakwenda Tinde kumchukua mama mkwe nimpeleke kwa mwanawe, na siku ya upasuaji inanikaribia.

Yule bwana akawageukia wenzake. "Mmesikia? Huyu anampeleka mkwe! Acheni sululu!" Wakaja kundi zima, wakaimba, wakasukuma, gari likatoka likiwarushia tope lote usoni. Nilipotaka kuwashukuru, mwenyewe akasema, "Shukrani ulete mtoto." Neno lile nilitembea nalo njia nzima.

TINDE HADI STESHENI YA SHINYANGA

Tinde nilisimamisha lori mbali na mji wa wakwe, nikapiga honi moja ya adabu. Shemeji yangu Jilala, kaka yake Minza, akatoka kunipokea. Mama mkwe alikuwa tayari, amesimama nyuma ya nyumba, nikaona ncha ya khanga tu. Salamu zikapita kwa Jilala: "Mama anasema mwangaluka." "Mwambie mwangaluka, mama, za hapa." "Anasema nzuri, anauliza gari lina mafuta." Hapo nikajua huyu mama anajua anakokwenda.

Mkononi alikuwa na kikapu kikubwa cha ukindu chenye mfuniko. Ndani kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, na nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo Minza angeyala hata akiwa usingizini. Kikapu hicho mkikumbuke.

Basi ikaja shida ya kwanza. Kabini ya lori ni mahali pa kubanana, haiwezekani. Jilala akamsaidia mama kupanda nyuma, juu ya magunia ya pamba, wakafunikwa turubai, nami nikaendesha peke yangu mbele na kiti kitupu pembeni. Kila tulipopita watu wananisonya. Mzee mmoja mwenye baiskeli akapiga kelele, "We dereva huna haya! Kabini tupu, mama wa watu juu ya magunia!" Mama mkwe mwenyewe akamjibu kutoka chini ya turubai, kwa Kisukuma kizito, "Pita zako, huyu ni mkwe wangu!" Mzee akavua kofia.

Shinyanga mjini tulipita kwa Mzee Jivan, mwenye duka la vitambaa, ambaye nimembebea mizigo miaka mingi. Alituazima makoti mawili mazito, na mama mkwe akachagua khanga mpya, pana na ngumu. Jivan alishawahi kusafiri, akataka kuniandaa.

"Bwana Maige, huko uwanja wa ndege utapanda treni moja ndogo. Haina dereva. Usiogope."

"Haina dereva imeharibika?"

"Haijaharibika. Inakwenda yenyewe. Inafungua mlango yenyewe, inafunga, inaondoka."

"Na ng'ombe wakikatiza reli, nani anapiga honi?"

"Hakuna ng'ombe, bwana!"

Nikacheka mpaka nikashika kaunta. Mzee Jivan namheshimu, lakini nikajisemea umri umeanza kumchezea. Gari bila dereva! Mimi nimeshika usukani tangu ujana, najua gari lisivyokuwa na huruma hata lenye dereva.

Stesheni Jilala akatuaga, nalo lori nikamwachia yeye. Hapo ndipo wote wawili tulipogundua jambo: mpatanishi wetu anarudi Tinde. Nani sasa atapeleka maneno? Tukasimama kwenye jukwaa, mimi natazama reli, yeye anatazama ukuta. Mwisho akakiweka kikapu chini katikati yetu, akakohoa, akasema, "Wewe kikapu. Mwambie mkwe wangu kwamba wanawake behewa lao ni lile kule."

Nikainamisha kichwa. "Kikapu, mwambie mama nimesikia, na nitamletea chai."

Wapagazi walicheka hadi wakaangusha mizigo. Sisi hatukucheka. Maneno yetu yalikuwa yamepata njia.

RELINI

Kwenye daraja la pili wanaume wako vyumba vyao na wanawake vyao, kwa hiyo shirika la reli lilitutunzia heshima bila kujua. Tabora nilinunua asali, nikampitishia dirishani bila kutazama. Mbele huko akina mama walileta kuku na ugali kwenye vibakuli, nikamnunulia, nikaenda kusimama mwisho wa behewa mpaka nilipojua amemaliza kula.

Halafu injini ikafa porini, jua linawaka, hakuna hata kijiji. Saa zikapita. Nikawa nahesabu kwa vidole siku zilizobaki kwa Minza. Dereva wa treni akashuka, mtu mnene amevaa ovaroli, abiria tukamzunguka wote. Mwenye kutukana alitukana. Mwenye kubembeleza alibembeleza. Mama mmoja wa Kigoma alimpa muwa ili apate nguvu ya kufikiri. Mimi nikamshika mkono nikamwambia habari za mke wangu, naye akaniangalia, akajifuta jasho, akasema, "Ndugu yangu, na mimi ni baba. Nipe nafasi." Akaingia chini ya injini na kijana wake wa spana, wakagonga, wakafunga, jioni ikawaka. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikaniuma.

Nasimulia hili kwa sababu baadaye nilimlilia sana dereva yule.

ANGANI

Dar es Salaam sina la kusema, tulifika tukakimbilia uwanjani. Ndani ya ndege nikakuta janga: viti vyetu vimepangwa pamoja! Bega kwa bega, usiku mzima, na chakula kinaletwa mbele yetu wote! Mama mkwe alipoona, akajifunika khanga kichwa kizima, akakaa kama mfiwa. Mimi nikasimama kwenye ujia, nikakataa kukaa.

Kiingereza changu ni cha darasani kidogo na cha wale wazungu wa utafiti wa dhahabu niliowaendeshea. Nikamwambia mhudumu, siwezi kukaa na huyu mama. Mhudumu akamtazama mama alivyojifunika, akanitazama mimi kwa jicho kali, akaniuliza nimemfanya nini mke wangu. Mke wangu! Toba! Nilitamani sakafu ya ndege ipasuke, hata kama chini ni bahari. Nikapiga magoti, nikisema mama, mama, mama wa mke wangu. Bwana mmoja mzee wa Kizungu nyuma kule akanyanyuka bila kuelewa lolote, akanipa kiti chake, akaenda kukaa na mama mkwe. Wakapatana vizuri ajabu. Asubuhi nikamwona anatafuna michembe.

TRENI ISIYO NA DEREVA

Tulishuka Frankfurt. Ndege ya kutufikisha Bremen, anakosoma Minza, iliondokea jengo jingine la uwanja ule ule, na ndiyo ilikuwa ya mwisho siku hiyo kwa tiketi zetu. Madaktari walisema kisu ni kesho asubuhi, hawatasogeza. Tukikosa ndege, Minza ataamka asubuhi bila mkono wa mama kichwani, naye atakataa. Nilikuwa namjua mke wangu. Angekataa, na ningewazika wote.

Mfanyakazi mmoja akatazama tiketi zetu, akatuelekeza ghorofani: pandeni treni, mshuke upande wa pili, haraka. Tukapanda ngazi. Mama mkwe alikuwa amechoka, akakiweka kikapu chini, akakiambia, "Kikapu, mwombe mkwe akubebe." Nikakibeba.

Ikaja treni. Safi, haina moshi, haina kelele, mabehewa mawili yamefungana lakini hakuna pa kupita kutoka hili kwenda lile. Milango ikafunguka. Nikafurahi hata nikamshukuru Mungu: mabehewa mawili, wakwe wawili! Nikakiambia kikapu, "Mwambie mama aingie la mbele. Mimi nitapanda la nyuma." Akaingia, akashika nguzo, akageukia dirisha. Nikasubiri kwa adabu mpaka ametulia, ndipo nikaanza kwenda la nyuma, pole pole, mwendo wa mtu mbele ya mkwe.

Milango ikajifunga puani kwangu.

Kwetu gari haliondoki mpaka konda apige bodi. Nami nikapiga bodi, mikono yote miwili, pa! pa! pa! "Suka! Kuna mtu huku! Shusha!" Nikakimbilia mbele kwenye kioo nimkute dereva macho kwa macho, maana dereva kwa dereva tunaelewana. Nikamwona mzee mmoja amesimama pale mbele anasoma gazeti. Hasira zikanipanda: mtu yuko kazini anasoma gazeti! Nikamgongea kioo, nikamwonesha ngumi. Akanipungia mkono kwa upole, kumbe abiria tu wa watu. Na treni ikaondoka, na pale aliposimama mzee hakuna kiti cha dereva, hakuna usukani, hakuna dereva. Jivan, nisamehe.

Pale pale nikakumbuka yule mnene wa ovaroli. Yule ningemshika mkono. Yule angesema "na mimi ni baba." Hapa nimshike nani? Nimtukane nani? Mama mkwe amekwenda, hajui Kiswahili cha kutosha sembuse Kijerumani, na kikapu, msemaji wake pekee, kiko mkononi mwangu.

Mama mmoja mfagiaji, mwenye kitambaa kichwani, akaja. Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu. Akazungusha kidole hewani: inakwenda, inarudi, subiri. Mwenye akili angesubiri. Mimi nikarukia treni iliyofuata nimfukuzie.

Katikati ya njia, kwenye reli ya pili, nikaona treni inakuja, na ndani yake mama mkwe! Amesimama vile vile alivyoachwa, ameshika nguzo. Nikaruka, nikapunga mikono, nikapiga kioo. Akaniona. Macho yetu yakakutana kabisa. Naye akafanya alichofanya maisha yake yote: akavuta khanga usoni, akanigeuzia mgongo. Heshima ile, jamani! Treni zikapishana.

Nikashuka upande wa pili, nikapanda inayorudi. Tukapishana tena. Mimi naruka, yeye anafunika. Watu kwenye behewa langu wakaanza kusogea mbali nami. Tukapishana mara nyingine, na safari hii hakungoja hata nikaribie, alikuwa keshageuka. Nililia, nasema kweli, nililia machozi mtu mzima, huku najivunia adabu ya mama yule na huku namkasirikia. Alifanya lile la kwetu: mtu akipotea asihame, akae alipopotelea. Na alipopotelea palikuwa panatembea.

Ndipo akili ikanirudia. Ni mimi ninayemfukuza. Kila akiona uso wangu anageuka, na hata mlango ukifunguka mbele ya sura yangu hatatoka. Kitu pekee anachoweza kukitazama bila haya ni kikapu.

Nikashuka upande wa geti letu. Nikakiweka kikapu sakafuni katikati, mbele ya milango ya treni, peke yake, mimi nikaenda kujificha nyuma ya nguzo na kugeuza mgongo. Nikajiona nina akili kuliko watu wote wa uwanja.

Sikujua kwamba mzigo ulioachwa peke yake uwanjani ni kesi. Nikasikia viatu. Kuchungulia, askari wawili wanakizunguka kikapu cha ukindu kama vile ni chatu. Mmoja anaongea kwenye redio, mwingine anarudisha watu nyuma. Nikitoka kujieleza, treni ikija mama ataniona, ataficha uso, na ndege ndiyo basi. Nisipotoka, michembe ya Minza inakwenda jela. Nikang'ata kidole nikabaki nyuma ya nguzo.

Treni ikafika. Milango ikafunguka. Nikasikia sauti ambayo Frankfurt haikuwahi kuisikia.

"Weeee! Acha kikapu changu!"

Mama mkwe alitoka mle ndani na koti la Jivan limemvuka magoti, akampita askari wa kwanza, akamsukuma wa pili, akakikumbatia kikapu kifuani. Askari wakaduwaa. Akafungua mfuniko, akamtia mmoja wao michembe mkononi, akamwoneshea kwa vidole: kula, ni chakula, una njaa wewe. Askari yule akanusa, akamtazama mwenzake, wakaanza kucheka. Hapo nikatoka nyuma ya nguzo na tiketi zangu juu, nikiinamisha kichwa.

 Mama mkwe akakisemesha kikapu, sauti imekatika, "Mwulize mkwe alikuwa wapi."   Halafu akaivua khanga yake mpya, akashika pembe moja, akanirushia pembe ya pili kwenye mkono. Hakunigusa, sikumgusa. Nikaikamata kwa nguvu zangu zote, tukakimbia uwanja mzima tukiwa tumeshikana khanga, yeye na kikapu chake na mimi na tiketi, mpaka getini. Walikuwa wanafunga. Tuliingia.

Ndani ya ndege ndogo alikaa kiti cha mbele yangu, nikasikia anakisimulia kikapu, kwa sauti ya kunifikia. "Mwambie mkwe asijilaumu. Mimi sikuogopa. Dereva wa gari lile ni mtu mwenye adabu. Kila akitaka kusimama anasema kwanza, anafungua mlango, anangoja, wala haoneshi uso. Nikajua huyu naye ana mkwe wake humu ndani."

Nilicheka mpaka machozi yakarudi, ila haya yalikuwa mengine.

BREMEN

Tulifika hospitali jua halijazama. Minza alikuwa amevimba uso, mikono imejaa mipira ya dripu. Mimi nilibaki mlangoni, kwa sababu mama alikuwa ndani.  Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kitandani, akavua koti, akaweka mkono kichwani pa mwanawe, akauacha pale. Minza akafumba macho. Baada ya muda akamwambia daktari, "Haya. Kesho nipasueni."

Asubuhi wakamwingiza, wakamruhusu mama asimame karibu. Mimi nikaachwa kwenye korido ndefu nyeupe, na kikapu mapajani. Nilikaa nimekikumbatia kama mtu aliyeshikiwa roho yake ndani ya mfuniko. Nikawaza wale wawili tuliowazika. Nikawaza wachimbaji na neno lao. Kila mlango ukifunguka, nasimama.

Mwisho mama mkwe akatoka. Nikainamisha macho, nikaona miguu yake tu inakuja, inasimama mbele yangu. Nikakiinua kikapu kidogo ili apate wa kumwambia. Akakivuta taratibu kutoka mikononi mwangu, akakiweka chini, pembeni kabisa, karibu na ukuta.

"Baba Milembe," akasema.

Nikageuka nyuma kumtazama huyo anayeitwa. Korido ilikuwa tupu.